Kampuni ya umma inanunuaje kwa haki bila kuishia kununua takataka?

Karani Mpya ameuliza:

Wakuu salaam.

Niko kitengo cha ununuzi kwenye kampuni ya maji, hisa zote ni za umma. Nimehamia huku kutoka uhasibu, nina miezi saba tu. Wiki iliyopita bosi kaniita akaniambia niandike rasimu ya sera ya ununuzi "wa haki na endelevu", kurasa zisizidi nne, bodi inakaa mwezi ujao. Nikamuuliza hilo neno endelevu kwetu sisi lina maana gani hasa. Akajibu, "Wewe ndiye msomi, katafute."

Nimetafuta. Nimekuta uwazi, ushindani, uwajibikaji, utunzaji wa mazingira. Nayakubali yote, lakini Jumatatu asubuhi nikifika mezani hayanisaidii kitu. Yanayonikwamisha ni haya.

Tunataka kununua pampu tatu za kusukumia maji. Injinia mkuu kwenye fomu ya maombi kaandika jina la kiwanda anachokitaka na namba ya modeli kabisa. Kwake nyingine zote ni makopo. Nikimkatalia, siku pampu ikifa itasemwa ni mimi niliyeiua. Nikimkubalia, mtaani watasema zabuni ina mwenyewe.

Halafu hii habari ya bei ya chini. Mwaka jana, kabla sijahamia, mabuti ya mafundi yalinunuliwa kwa aliyeshusha bei kuliko wote. Soli zilibanduka ndani ya miezi mitatu. Fundi mmoja alikuja ofisini kwangu na la kwake kalifunga kwa waya wa umeme, akaliweka juu ya meza yangu, juu ya mafaili, akatoka bila kusema neno. Bado liko hapo. Nashindwa kulitupa.

La mwisho: nikiweka masharti ya mazingira au ya mishahara ya wafanyakazi wa mzabuni, si nitakuwa nimewafungia mlango wadogo? Na aliyekosa akija juu akisema nimembagua, nitamjibu nini?

Naombeni msaada, hasa waliowahi kukaa kwenye kiti hiki.

---

Nimechoka amejibu:

Dada, jaza kurasa nne, weka picha ya mti kwenye jalada, bodi itapitisha kabla ya chai. Mshindi anajulikana kabla tangazo halijatoka. Miaka yote ndivyo ilivyo. Usijipasue kichwa.

---

Mzee wa Stoo amejibu:

Mdogo wangu, huyo hapo juu usimpuuze, kasema nusu ya kweli. Mshindi mara nyingi anajulikana mapema. Uliza anajulikana wapi.

Nimekaa stoo na ununuzi miaka 27, kampuni ya umma kama yako, sasa nimestaafu. Siku ya kufungua zabuni kila mtu anakodoa macho. Kamati imekaa safu, wazabuni wako ukumbini, bei zinasomwa kwa sauti na kuandikwa. Pale ni vigumu mno kuiba. Kama wizi upo, ulishafanyika kwenye meza ya aliyeandika mahitaji, au utafanyika getini siku mzigo unaingia. Kwa hiyo kwenye kurasa zako nne, siku ya zabuni ipe moja tu. Zilizobaki zipeleke kwenye mahitaji, mapokezi na malipo.

Tuanze na pampu, maana ndiyo inayokuuma.

Injinia wako hahitaji jina. Anahitaji maji yafike tangini. Kaa naye mwandike: mita za ujazo 200 kwa saa, kuzipandisha mita 40, maji yana mchanga kiasi gani, pampu itafanya kazi saa ngapi kwa mwaka, kelele isizidi kiasi gani, vipuri vipatikane ndani ya siku ngapi. Hapo kiwanda chochote kinachoweza kinaingia. Sheria ya mfano ya ununuzi wa umma ya Umoja wa Mataifa, ile ya UNCITRAL (tume yao ya sheria za biashara ya kimataifa) ya mwaka 2011, inalisema hili wazi: usitaje jina la biashara, isipokuwa kama kweli hakuna namna nyingine ya kuieleza bidhaa ikaeleweka, na hapo lazima uongeze maneno "au inayolingana nayo". Angalia na sheria ya kwenu, nchi nyingi zimechukua kanuni hiyo hiyo.

Sasa bei. Chukua pampu mbili zinazopandisha maji yale yale. Ya kwanza ni rahisi, inavuta kilowati 35. Ya pili imezidi bei, inavuta 30. Tofauti ni kilowati 5, mtu anaweza kuidharau. Pampu yako inazunguka saa 6,000 kwa mwaka. Hizo ni kilowati-saa 30,000 kila mwaka, na katika miaka kumi ni 300,000. Zidisha na bei ya umeme mnayolipa ninyi, halafu rudi utazame ile "akiba" mliyopata siku ya kununua. Mimi nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza mbele ya bosi wangu, alinyang'anya kikokotoo akaifanya tena mwenyewe. Ikatoka vile vile.

Hii ndiyo gharama ya maisha yote ya kitu: kukinunua, kukifunga, kukiendesha, kukitengeneza na kukiondoa kikifa. Ukiandika kwenye makabrasha ya zabuni kwamba utalinganisha gharama hiyo, na ukaweka fomula yenyewe wazi, yaani saa ngapi, miaka mingapi na umeme kwa bei gani, basi hujambagua mtu. Umewaambia wote mtihani utakuwaje. Ile sheria ya mfano inaruhusu kabisa kuhesabu gharama za kuendesha, kutunza na kukarabati, na inataka vigezo visivyo vya bei navyo, kadiri inavyowezekana, vigeuzwe kuwa fedha. Ukiona mtu anasema kununua kwa bei ya chini ndiyo sheria, muulize bei ya chini ya nini.

Ila usiamini namba za kwenye kijitabu chenye picha za rangi. Kijitabu hakisukumi maji. Dai pampu ipimwe kiwandani kabla haijasafirishwa. Kipo kiwango cha kimataifa cha kupimia pampu wakati wa kuikubali, ISO 9906, na mota nazo zina madaraja ya ufanisi, kuanzia IE1 kwenda juu, namba ikipanda ufanisi unapanda. Andika daraja unalolitaka. Andika pia kwenye mkataba kwamba pampu ikivuta kilowati nyingi kuliko alizoahidi, hiyo tofauti inakatwa kwenye malipo yake. Utashangaa ahadi zitakavyokuwa za ukweli ghafla.

Mabuti nayo nitakusimulia.

Tulipata mzabuni mwenye sampuli nzuri sana, buti zito, ngozi safi, kidoleni kofia ya chuma. Kiwango cha ISO 20345 kinataka kofia ya kidole ihimili pigo la joule 200, na sampuli ilikuwa na cheti. Tukampa kazi. Mzigo ulipokuja, rangi ile ile, nembo ile ile, katoni zimepangwa vizuri hadi raha. Kijana wangu wa stoo akawa anayapima kwa mkono, akaniambia, "Mzee, haya mepesi." Nikachukua buti moja nililolichagua mwenyewe katikati ya katoni, siyo lile la juu, nikalibana kwenye jiriwa, nikalikata katikati kwa msumeno wa chuma mbele ya dereva wake na karani wake. Kofia ilikuwa bati, jembamba kama la kopo la maziwa, unalibonyeza kwa dole gumba. Mzigo wote ukarudi juu ya lori.

Niliweza kuurudisha kwa sababu moja tu. Sampuli ya awali tulikuwa tumeisaini pande zote mbili, tukaifunga kwa lakiri, na nakala ikakaa kabatini kwangu. Bila ile sampuli yangekuwa maneno yangu dhidi ya yake, na yeye alikuwa na maneno mengi. Kwa hiyo kwenye sera yako andika: sampuli iliyosainiwa na kufungwa, na kipande kimoja kutoka kila mzigo kinavunjwa. Bajeti yake ni ndogo, msumeno na buti moja.

Suala la ubaguzi nitalirudia jioni, mjukuu anataka simu.

---

Injinia Valvu amejibu:

Naomba nimtetee injinia mwenzangu kidogo, maana huku sisi tumeshageuzwa wezi.

Kwenye kituo changu niliwahi kurithi pampu za viwanda tisa tofauti. Tisa! Kila moja ilishinda zabuni yake kwa haki kabisa. Matokeo yake stoo ilikuwa na sili na beringi za saizi ambazo nyingine haziingiliani hata kwa kubembeleza. Usiku mmoja sili ilipasuka, maji yanaruka hadi kwenye paneli ya umeme, nakimbilia rafu nakuta sili za pampu nane na ya tisa haipo. Mafundi nao kila modeli wanaijua nusunusu. Mtu akiandika jina la kiwanda mara nyingi hajala kitu kwa yeyote, anaogopa usiku kama ule.

Kwa hiyo Mzee, "au inayolingana nayo" inapendeza kwenye karatasi. Kwenye rafu ya vipuri hakuna kinacholingana na kingine.

---

Mzee wa Stoo amejibu:

Injinia, hoja yako nimeipokea kwa mikono miwili, na nakiri hapo juu niliiruka. Pampu tisa za viwanda tisa ni ununuzi mbaya hata kama kila karatasi ilikuwa safi.

Lakini dawa yake haiwi kulichomeka jina kwenye fomu ya maombi. Dawa ziko mbili ninazozijua. Kwanza, hofu yako igeuze namba. Vipuri vya akiba, mafunzo ya mafundi na saa za kusimama vyote viingie kwenye ile gharama ya maisha yote. Kama kiwanda mlichokizoea kweli ni nafuu kwa hesabu hiyo, kitashinda mchana kweupe. Pili, shindanisheni mara moja kwa kipindi kirefu: yeyote atakayeshinda ndiye atakayewauzia pampu za aina hiyo na vipuri vyake kwa miaka kadhaa, kwa bei zilizokubaliwa, kisha mnashindanisha tena. Mnapata aina moja stoo na ushindani haujafa. Ila kipindi kiwe na mwisho. Mkataba usio na mwisho ni ndoa, na mahari mtaendelea kulipa ninyi.

Karani, sasa ubaguzi.

Kuna kesi moja waliosoma sheria za ununuzi huipenda. Mwaka 1997 mji wa Helsinki ulitangaza zabuni ya kuendesha mabasi ya mjini. Ukatoa alama za ziada kwa mabasi yanayotoa oksidi za nitrojeni kidogo na yenye kelele kidogo. Kampuni iliyoshindwa, Concordia, ikalalamika kwamba masharti yale yalikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Na tazama vituko: mshindi alikuwa chombo cha usafiri cha mji wenyewe! Ukisikia hivyo tu unasema imekwisha. Shauri likafika Mahakama ya Ulaya, Luxembourg, na Septemba 2002 ikaamua kwamba vigezo vya mazingira vinaruhusiwa. Vihusiane na kitu chenyewe kinachonunuliwa, viwe vimetajwa wazi kwenye makabrasha au tangazo, visimwachie mnunuzi uhuru wa kujiamulia anavyotaka, na visibague. Kwamba ni wachache tu wanaoweza kuvitimiza, hilo peke yake haliwi kosa.

Jipime nayo. "Basi lisitoe moshi mwingi" linahusu basi ninalolinunua. "Mzabuni awe amepanda miti elfu moja" halinihusu, naye hata akipanda msitu mzima basi lake litaendelea kufuka moshi.

Angalia pia nembo za kijani na za biashara ya haki. Jimbo moja la Uholanzi lilitaka mashine za kahawa na chai, likataja nembo fulani kwa jina. Mwaka 2012 mahakama ile ile ikasema hapana: taja sifa zilizo nyuma ya nembo, na ambaye hana nembo hiyo aruhusiwe kuthibitisha kwa njia nyingine. Ni busara tu. Mdogo anaweza kuwa anafanya kila kitu sawa na kilichomshinda ni ada ya nembo.

Bodi wakikuuliza mwongozo wa kimataifa, watajie ISO 20400 wa mwaka 2017, unahusu ununuzi endelevu. Lakini huo ni mwongozo, haukutungwa kwa ajili ya kutolea vyeti, kwa hiyo mzabuni akikuletea "cheti cha ISO 20400" mtazame vizuri usoni.

---

Mzabuni Mdogo amejibu:

Nimesoma yote, mazuri, lakini nyie mnaongea mkiwa upande wa ndani wa dirisha. Mimi ndiye ninayesimama nje.

Nauza vifaa vya usafi na vya ofisi, tuko watu wanne. Nitawaambia kinachonifungia nje, na siyo mazingira. Sabuni isiyochafua maji ninayo tayari. Kinachonifungia ni mambo matatu ambayo hata mpinga rushwa mkali hayaoni, kwa sababu yameandikwa vizuri.

La kwanza ni mauzo ya miaka mitatu iliyopita. Kazi ndogo, lakini wanadai niwe nimeuza mara kumi yake kila mwaka. Kwa nini? Nikiuliza naambiwa fomu ndivyo ilivyo. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya walipoandika upya sheria zao mwaka 2014 waliweka ukomo: kwa kawaida usidai mauzo ya mwaka yanayozidi mara mbili ya thamani ya mkataba. Ukomo tu kama huo ungeniingiza kwenye nusu ya zabuni ninazozitazama dirishani.

La pili ni kufunga kila kitu bunda moja. Wanataka mtu mmoja alete karatasi, wino, viti, sabuni na kufyeka nyasi. Nani duniani anafanya yote hayo? Hakuna. Anashinda mkubwa, kisha ananipigia simu mimi nimletee sabuni kwa bei ya kunikaba koo. Igaweni zabuni mafungu, mtu aombe fungu analoliweza. Lakini mgawe hadharani kwenye tangazo moja. Siyo ule ugawaji mwingine wa kukata kazi vipande ili kila kimoja kiwe chini ya kiwango cha fedha kinacholazimu zabuni itangazwe.

La tatu ni malipo, na hapa nitawachosha kidogo.

Kuna kampuni moja ya umma, sitaitaja, niliipelekea mzigo kamili, hati ya mapokezi imesainiwa siku hiyo hiyo. Nililipwa baada ya siku 114. Nilizihesabu kwa sababu kila asubuhi niliandika namba kwenye kalenda ya ukutani, mke wangu akawa ananicheka, baadaye akaacha kucheka. Ankara yangu ilikuwa "kwenye mzunguko". Nikienda uhasibu naambiwa iko ununuzi, nikienda ununuzi naambiwa iko kwa mkaguzi wa ndani. Siku ya themanini na kitu karani mmoja akaniambia kwa upole kabisa, kama ananipa habari ya hali ya hewa, kwamba mkono mtupu haulambwi. Nilielewa.

Sikutoa, na sijisifu, sikuwa nacho. Nilikuwa nimekopa kununulia mzigo, riba inakula. Safari iliyofuata nikaongeza bei kufidia kuchelewa huko. Kila mtu anaongeza! Mnashangaa kampuni za umma zinauziwa ghali, mnadhani sisi wote ni wezi. Mnanunua kwa mkopo wetu bila kuuita mkopo.

Umoja wa Ulaya mwaka 2011 uliweka siku 30 kwa taasisi za umma kwa kawaida, na ukichelewa unalipa riba bila kuombwa. Dada Karani, andika siku yoyote unayoona mnaiweza, lakini iandike, na iandike pamoja na riba. Sera yenye ukurasa mzima wa mazingira isiyosema mtalipa lini, mimi siisomi.

---

Nimechoka amejibu:

Siku 114? Hao wanajitahidi. 😂

---

Kalamu Nyekundu amejibu:

Mimi ni mkaguzi. Nitakuwa mfupi, nina ripoti.

Karani, kuna mambo yanayoonekana kwa macho tu, huhitaji kompyuta yenye akili. Niliwahi kupitia zabuni tatu za kazi moja, kampuni tatu, anwani tatu. Mbili kati yake ziliandika "ukrabati" badala ya "ukarabati", ukurasa wa sita, mstari ule ule. Nikapekua zaidi: jumla ya ya pili ilikuwa ya kwanza ukiongeza asilimia 8, kila kipengele, hadi misumari. Hao hawakushindana, waliandikiana. Ukiona walioshindwa leo ndio washindi wa kesho kwa zamu, au aliyeshindwa anaajiriwa na mshindi kufanya kazi ile ile, simama. Usiwatuhumu mwenyewe ukumbini, andika unachokiona, peleka kwa mamlaka ya ushindani ya kwenu.

La mishahara. Chukua zabuni ya huduma ya usafi. Bei ya mzabuni ya mwezi, toa sabuni na vifaa, toa faida hata ndogo, kinachobaki gawa kwa idadi ya wafagiaji aliowaahidi. Kama kinachotoka ni chini ya kima cha chini cha mshahara, basi amekuandikia mwenyewe kwamba ama atawaibia wafagiaji, ama nusu yao hawapo. Hesabu ya dakika tano. Usimtupe hapo hapo, mwandikie aeleze bei yake kapataje, mpe muda ajibu. Ndivyo kanuni nyingi zinavyotaka kwa bei iliyo chini kupita kawaida. Asipoeleza, mkatae na weka maelezo yote kwenye faili.

Wala usidhani hili ni jambo la juzi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 94 mwaka 1949 kuhusu vipengele vya kazi kwenye mikataba ya umma: anayefanya kazi kwa fedha ya umma asilipwe chini ya wanavyolipwa wengine kwa kazi ya aina hiyo eneo hilo. Usafi, ulinzi, kushona sare, kote huko.

Na jambo dogo ambalo limewaokoa wengi: mzabuni mmoja akikuuliza swali, jibu liende kwa wote, kwa maandishi, bila kumtaja aliyeuliza. Hata kama swali ni la kijinga. Hata kama mlikutana msibani.

---

Karani Mpya amejibu:

Nawashukuru sana. Sikutegemea haya.

Naleta mrejesho. Jana nilikwenda kwa injinia na karatasi tupu, fomu yake nikaiacha mezani. Nikamwambia, niambie usiku unaouogopa. Akacheka, halafu akaongea saa nzima. Tumeandika mita za ujazo, urefu wa kupandisha, mchanga, na vipuri ndani ya siku 7. Jina la kiwanda kalifuta kwa mkono wake. Kumbe katika pampu zetu zilizopo, mbili tu ndizo za kiwanda hicho, na moja imelala tangu mwaka juzi inasubiri kipuri! Nilikaa kimya kwa heshima yake.

Malipo nimeandika siku 30 tangu hati ya mapokezi isainiwe, pamoja na riba. Mhasibu mkuu kayazungushia duara jekundu. Amesema riba itamtia aibu kwenye hesabu za mwaka. Nikamwambia ndiyo kazi yake hiyo riba. Hajajibu, ila hajafuta.

Limebaki moja. Mjumbe mmoja wa bodi shemeji yake anauza mabomba. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Nitaandikaje hapo bila kufukuzwa kazi?

---

Mzee wa Stoo amejibu:

Usiandike habari za shemeji. Andika fomu.

Kila anayegusa zabuni, kuanzia karani wa stoo hadi mwenyekiti wa bodi, anajaza tamko kabla ya kila zabuni: mimi, mwenzi wangu au ndugu yangu tuna maslahi au hatuna kwa yeyote kati ya hawa walioomba. Mwenye maslahi hatapewa adhabu, anatoka tu chumbani jambo hilo likijadiliwa na kutoka kwake kunaandikwa kwenye muhtasari. Fomu moja kwa wote, ukiwamo wewe. Wa kwanza kuijaza awe bosi wako. Akishasaini yeye, mjumbe atakosa pa kusimama akatae, na akiandika "sina maslahi" hapo amejiandikia mwenyewe, siyo wewe. Faili linakaa. Kalamu Nyekundu atalikuta.

Shemeji naye aombe kama watu wengine. Kama mabomba yake ni mazuri na bei ni nzuri, ashinde. Nimeona ndugu wa mtu akishinda kihalali na nimeona asiye ndugu wa yeyote akileta buti la bati.

Halafu lile buti lenye waya usilitupe. Siku ya bodi ingia nalo.

---

Karani Mpya amejibu:

Nimeliweka kwenye mfuko tayari. Kikao ni tarehe 14. Mzee, ule msumeno ulikuwa wa meno mangapi?

---

Mzee wa Stoo amejibu:

Meno 24 kwa inchi. Na jiriwa, usishike kwa mkono.